Jasho la Wawili: Funzo la Juluka kwa Wanakwaya

Hotuba ya mgeni wa heshima, Jubilei ya miaka 25 ya kwaya



Baba Paroko, mwenyekiti na kamati ya jubilei, mwalimu wa kwaya, wanakwaya wa leo na ninyi wazee mlioanza na kitabu kimoja cha nyimbo kwa watu sita, wazazi na wageni wetu: hongereni kwa kutimiza miaka 25. Kuna timu za mpira zilizoanza mwaka mmoja nanyi ambazo leo hata jezi zake hazijulikani ziliko. Ninyi bado mnaimba, na sauti ya nne bado inachelewa mazoezini kama ilivyochelewa tangu mwanzo.

Nimeombwa nizungumze juu ya muziki unaochanganya tamaduni, na sababu ya kuombwa hivyo tunaijua sote. Kwaya inajiandaa kurekodi albamu ya jubilei, na kuna swali moja linalozunguka kutoka mazoezini mpaka kwenye jumuiya. Ule wimbo wa mavuno ambao mama zetu huuimba wakati wa matoleo, uingie studio au usiingie? Ukiingia, uwekewe kinanda, gitaa la besi na ngoma za kizungu, au uachwe na kayamba na vigelegele vyake? Wako wanaosema ukichanganya unaharibu vyote viwili. Wako wanaosema usipochanganya, vijana hawatausikiliza. Pande zote mbili zina watu wenye akili, na pande zote mbili zinaipenda kwaya hii.

Sikuja kukata shauri. Nimekuja kuwapeleka mbali kidogo, Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1979. Huko watu wawili walikutana na swali hilihili wakati ambapo kuimba pamoja tu kungeweza kukuletea polisi. Jibu lao liko kwenye santuri iitwayo Universal Men, ya kundi lililojiita Juluka. Naamini kuna jambo pale la kutusaidia.

Tuanze na hao wawili.

Wa kwanza ni Johnny Clegg. Alizaliwa Uingereza mwaka 1953, akaletwa kusini mwa Afrika akiwa mdogo, akakulia sana Johannesburg. Mama yake alikuwa mwimbaji. Alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, alimsikia mtu akipiga gitaa mtaani kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia. Mtu huyo aliitwa Charlie Mzila, Mzulu aliyefanya kazi ya usafi katika majumba ya kupanga. Kijana akamwomba amfundishe. Mzila akamfundisha gitaa, lugha, na baadaye akamfikisha kwenye mabweni ya wafanyakazi, ambako wanaume wa Kizulu walicheza ngoma zao mwishoni mwa juma.

Wapendwa, hapa wazee wetu wataelewa haraka kuliko vijana. Afrika Kusini ya wakati ule ilikuwa nchi ya kipande. Sisi Kenya tulikijua kipande tangu enzi za baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Babu zetu walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Kule kusini kiliendelea hadi miaka ya 1980. Mwafrika alihitaji karatasi ili aonekane mjini, na mzungu naye hakuruhusiwa kuingia ovyo katika makazi ya Waafrika. Sheria ya mwaka 1950 ilipangia kila rangi mtaa wake. Nyingine ya mwaka 1953 ilitenga mabasi, viti, vyoo na kumbi. Clegg alikamatwa na polisi akiwa bado mvulana kwa kosa la kuwa pahali ambapo ngozi yake haikutakiwa. Aliachiliwa, akarudi kulekule.

Wa pili ni Sipho Mchunu. Alizaliwa mwaka 1951 upande wa Kranskop, katika milima ya Wazulu, akaja Johannesburg kutafuta kazi akiwa kijana, akapata kazi ya bustani nyumbani kwa wazungu. Alikuwa mpiga gitaa hodari. Akasikia kwamba kuna mvulana mzungu anayepiga gitaa la Kizulu na kucheza ngoma za Kizulu. Badala ya kupuuza, akaenda kumtafuta ili washindane. Naam, urafiki huu ulianza kwa mashindano, kama urafiki mwingi wa wanamuziki. Walianza kupiga pamoja wakiwa wawili, magitaa mawili na sauti mbili, na mwaka 1976 wakatoa wimbo mmoja uitwao Woza Friday, yaani "Njoo Ijumaa", kilio cha mfanyakazi anayehesabu siku za juma.

Walipiga wapi? Kumbi za umma zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, kwa hiyo walipiga barabarani, mabwenini, majumbani mwa marafiki, katika kumbi za vyuo na katika kumbi za makanisa. Nawaomba mlikumbuke hilo mnapofungua milango ya ukumbi huu.

Jina Juluka lilitoka kwa fahali. Mchunu alikuwa na fahali aliyeitwa hivyo, na neno lenyewe kwa Kizulu lina maana ya kutoka jasho. Si jina la kujigamba. Ni jina la mtu anayejua kwamba ng'ombe halimi kwa kupigiwa makofi.

Sasa tuingie ndani ya albamu yenyewe. Ilitolewa mwaka 1979, mtayarishaji wake akiwa Hilton Rosenthal. Nyimbo zake zinamzungumzia mtu mmoja ambaye sote tunamjua, hata kama hatujafika Afrika Kusini: mfanyakazi aliyetoka nyumbani, akaacha mke, mifugo na kaburi la babake, akaenda kujenga mji usiokuwa wake. Ndiyo maana ya lile jina, watu wa ulimwengu mzima: watu ambao mikono yao imejenga barabara, migodi na majumba ya kila nchi, na majina yao hayamo kwenye jiwe lolote la msingi. Kuna wimbo uitwao Sky People, kwa sababu neno "zulu" lenyewe ni anga, na Wazulu ni watu wa mbinguni. Kuna wimbo wa kumbembeleza mtoto, Thula 'Mtanami, yaani "nyamaza mwanangu". Kuna wimbo wenye jina la methali, Inkunzi Ayihlabi Ngokumisa: fahali hapigi kwa jinsi pembe zake zilivyosimama. Mwenye pembe za kutisha si lazima ndiye mshindi. Sisi husema simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Lakini nimewaahidi kuzungumza juu ya mchanganyiko, kwa hiyo tuufungue kama fundi anavyofungua kinanda.

Upande wa Kizulu kuna mambo manne ambayo mwanakwaya angependa kuyajua. Jambo la kwanza ni gitaa. Wazulu hawakulipokea gitaa likiwa na desturi za Ulaya. Walilirekebisha nyuzi zake, wakalipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, gumba likitembea chini kwenye nyuzi nene na kidole kikiimba juu, kila kimoja na njia yake. Mtindo huu huitwa maskandi. Mpigaji huanza kwa kupitisha vidole haraka juu ya nyuzi zote, kama mtu anayebisha hodi na kusafisha koo, na hapo msikilizaji anajua gitaa limefungwa vipi na wimbo unaenda wapi. Katikati ya wimbo huacha kuimba na kuanza kujitaja kwa maneno ya haraka sana: mimi ni mtoto wa fulani, mto wetu ni huu, mlima wetu ni ule. Hayo ni majigambo ya kale yaliyohamia ndani ya gitaa.

Jambo la pili ni jinsi sauti zinavyopokezana. Katika uimbaji wa kale wa Kizulu, kiongozi na waitikiaji hawasubiriani kama watu walio kwenye foleni. Kiongozi hajamaliza, waitikiaji wameshaingia; waitikiaji hawajamaliza, kiongozi ameshaanza tena. Wimbo hauna mlango wa kutokea, unazunguka. Tofautisheni na wimbo wa kitabuni, ambapo sauti zote nne huanza silabi moja kwa wakati mmoja na kumaliza pamoja.

Jambo la tatu ni toni. Kizulu, kama lugha nyingi za nyumbani kwetu, hupandisha na kushusha sauti, na kupanda huko kunabeba maana. Mtunzi wa kale alifuata njia ya maneno. Wamisionari walipoleta tuni zao tayari, maneno yalilazimishwa kupanda pale ambapo lugha inashuka. Wengi wetu tumewahi kumwona bibi akicheka kimyakimya kanisani wakati wa wimbo wa huzuni, kwa sababu neno takatifu limeimbwa hadi likawa neno jingine.

Jambo la nne ni mwili. Clegg alijifunza kucheza kabla ya kusimama jukwaani: mguu unainuliwa juu, unateremshwa chini kwa nguvu, na ardhi inakuwa ngoma. Baadaye alisomea na kufundisha elimu ya jamii na mila za watu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akaandika juu ya ngoma hizo. Lakini shule yake ya kwanza ilikuwa bwenini, na walimu wake walikuwa wafagiaji na walinzi wa usiku.

Upande wa pili wa mchanganyiko ni ule wa Magharibi. Zilikuwapo nyimbo za masimulizi za Uingereza, zenye beti zinazosimulia kisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Zilikuwapo ala za jazi na za roki: Sipho Gumede kwenye gitaa la besi, Gilbert Matthews kwenye ngoma, Mervyn Africa kwenye vinanda, Robbie Jansen kwenye saksafoni na filimbi. Hawa wote walikuwa wanamuziki wa Afrika Kusini wenye jina lao kabla ya Juluka. Na kulikuwa na lugha ya Kiingereza, ikishikana mikono na Kizulu ndani ya wimbo mmoja.

Sikilizeni jinsi walivyopanga. Hawakuchukua wimbo wa Ulaya wakaupaka ngoma juu kama mtu anayenyunyiza chumvi kwenye chakula kilichoiva. Pia hawakuchukua wimbo wa Kizulu wakauzika chini ya kinanda. Katika nyimbo nyingi gitaa la maskandi ndilo linalofungua mlango, na besi na ngoma zinaingia zikifuata mwendo wake. Kiingereza kinasimulia, Kizulu kinaitikia, kinakataa, kinaomboleza. Filimbi inakuja pale ambapo mchungaji wa ng'ombe angepiga filimbi yake. Ukisikiliza kwa makini unaona kila upande umeacha kitu. Wimbo wa Kizulu umekubali kuwa na mwisho, na wimbo wa Kiingereza umekubali kuzunguka.

Bila shaka watawala hawakufurahi. Redio ya serikali ilikuwa imegawanya watu kwa lugha: idhaa ya Kizulu peke yake, ya Kixhosa peke yake, ya Kiingereza peke yake. Wimbo wa lugha mbili haukuwa na idhaa. Clegg alisimulia mara nyingi jinsi walivyokataliwa kwa hoja kwamba kuchanganya lugha hizo ni kuwatukana Wazulu. Angalieni ujanja wa neno hilo: serikali iliyowanyima Wazulu ardhi na kura ilijifanya kuwa mlinzi wa usafi wa utamaduni wao. Kwa hiyo wakati mwingine mtu akituambia tuhifadhi utamaduni wetu kwa kuufungia kabatini, tumuulize kwanza nani ameshika ufunguo.

Juluka waliendelea kwa miguu yao, ukumbi hadi ukumbi. Albamu ya pili, African Litany ya mwaka 1981, iliwafikisha kwa watu wengi zaidi, hasa kwa wimbo Impi, unaohusu vita vya Isandlwana vya mwaka 1879 ambapo jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza. Baadaye walizuru Ulaya na Marekani. Mwaka 1985 Mchunu alirudi nyumbani kwenye ng'ombe wake. Clegg akaunda kundi jingine, Savuka, lililotoa Asimbonanga mwaka 1987, wimbo wa kumlilia Mandela aliyekuwa kifungoni. Mwaka 1999 Clegg alikuwa akiuimba wimbo huo Frankfurt, Ujerumani, na Mandela mwenyewe akapanda jukwaani nyuma yake, akacheza. Clegg alifariki tarehe 16 Julai 2019.

Hapa kuna swali ambalo halipaswi kurukwa, hasa na sisi. Je, huyu mzungu hakuchukua mali ya Wazulu? Kule Ufaransa walimwita Mzulu mweupe, na jina lake lilikua kuliko la Mchunu. Hilo ni kweli, na ni haki kulisema. Lakini kulikuwa na tofauti moja kubwa, na hiyo ndiyo ninayotaka muiweke mfukoni. Katika Juluka, mwenye muziki alikuwa amesimama pale pale. Mchunu hakuwa kifaa cha kupamba jukwaa. Alikuwa mwenye kundi pamoja na mwenzake, mtunzi pamoja na mwenzake, na fahali aliyetoa jina alikuwa wake. Clegg alipokosea, kulikuwa na mtu wa kumwambia kwa Kizulu kwamba amekosea. Mchanganyiko wenye mwenyewe ndani yake unaweza kusahihishwa, na ule usio na mwenyewe hauna wa kuusahihisha.

Mnataka kuona upande wa pili wa shilingi? Uko katika mji uleule wa Johannesburg, miaka 40 nyuma. Mwaka 1939 Mzulu mwingine, Solomon Linda, aliingia studio na wenzake, kundi lililoitwa Evening Birds, wakarekodi wimbo uitwao Mbube, yaani simba. Linda alilipwa shilingi chache tu. Wimbo ule ulivuka bahari, ukabadilishwa maneno ukawa The Lion Sleeps Tonight, ukapendwa dunia nzima mwaka 1961, na baadaye watoto wetu wakausikia kwenye filamu ya Lion King. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Watu walivuna utajiri kwa sauti yake huku familia yake ikihangaika. Ilichukua kesi mahakamani, iliyomalizwa kwa makubaliano mwaka 2006, ndipo binti zake walipotambuliwa. Huo nao ulikuwa mchanganyiko wa muziki wa Kizulu na wa Magharibi, na uliimbwa vizuri sana. Kilichokosekana ni jina.

Labda mtu atasema: hayo ni ya Afrika Kusini, sisi yanatuhusu nini? Wapendwa, sisi tumekuwa tukichanganya kwa muda mrefu. Ule mwomboko wa wazee wetu wa Mlima Kenya, pamoja na kile kinanda cha kukunjua na kukunja na kile chuma cha mviringo kinacholia, ni watu waliosikia dansi za wazungu wakazivalisha viatu vyao wenyewe. Kule Magharibi, George Mukabi na wenzake walichukua gitaa wakalifundisha kutembea kwa mwendo wa ngoma za Kiluhya, kidole gumba kikishika besi, na mwenzake akikwaruza chupa ya Fanta pembeni. Huo mtindo wa omutibo ungeuweka kando ya maskandi, ungesema ni ndugu walioachana utotoni, kwa sababu umezaliwa na watu wa aina ileile: vijana waliokwenda kutafuta kazi mbali na kwao, wakiwa na gitaa moja na nyumbani kwao kichwani.

Majirani zetu Watanzania, wanaposimama kuimba Mungu ibariki Afrika, wanaimba tuni iliyotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, Mxhosa, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, na pia mwalimu wa kwaya. Ndiyo, mwalimu wa kwaya, kama huyu wetu hapa anayewafokea sauti ya nne.

Na sisi wenyewe? Mwaka 1963 tume ya wanamuziki watano iliketi kutuandalia wimbo wa taifa. Tuni waliyoipata haikutoka kwa mtunzi maarufu. Ilitoka Mto Tana, kwa Wapokomo, nayo ilikuwa wimbo wa mama anayembembeleza mtoto. Wakaipangia sauti, wakaiwekea maneno, na leo bendi ya jeshi inaipiga kwa tarumbeta na taifa zima linasimama wima. Juluka waliweka wimbo wa kubembeleza mtoto ndani ya albamu. Sisi tuliweka wetu juu ya mlingoti wa bendera. Wale watano wa tume wanatajwa vitabuni, na wanastahili. Lakini wangapi kati yetu wanaweza kumtaja hata mwanamke mmoja wa Kipokomo aliyeuimba usiku mtoto alipokataa kulala?

Kwa hiyo narudi kwa kamati ya kurekodi. Ule wimbo wa mavuno, uingie studio. Hofu ya kwamba kinanda kitauharibu ina sababu, lakini kuuacha nje mpaka mama wa mwisho anayeujua atuage si kuuhifadhi. Ila kabla haujaingia, naomba tutoke jasho kidogo, kwa njia nne.

Kwanza, tuende kwa mwenyewe. Wako mama watatu au wanne parokiani wanaoujua wimbo huo wote. Sisi tunaouimba kwenye matoleo tunajua kiitikio na ubeti mmoja, vingine tunajaziliza kwa "aleluya". Vijana wa kwaya waende wakae nao, si kwa dakika kumi na simu ya kurekodia, bali kwa siku kadhaa, wajifunze beti zote, wajue unaimbwa saa ngapi ya kazi, nani huanza, mguu gani hutangulia. Clegg hakujifunza kwa siku moja, wala hakuwa na haya ya kufundishwa na mfagiaji.

Pili, tuanze na kilichopo. Mwalimu wa kinanda asije na mdundo tayari ndani ya mashine halafu akawaambia akina mama waufuate. Kayamba ianze. Mama aanze. Kinanda kisikilize kwanza, kiingie kitakapoalikwa. Na kama wimbo hautaki kugawanywa katika sauti nne zinazoanza pamoja, tusiulazimishe. Tuache waitikiaji wamwingilie kiongozi kabla hajamaliza, kama wanavyofanya shambani. Hilo si kosa la mazoezi, ndiyo sheria ya wimbo wenyewe.

Tatu, mwenyewe awepo chumbani. Siku ya studio, gari la kwaya liwe na viti vya akina mama hao. Wasibaki nyumbani wakisubiri kusikia walichofanyiwa. Wakiwapo, fundi wa studio akipunguza vigelegele kwa sababu mashine yake inaonyesha taa nyekundu, atakuwapo mtu wa kumwambia: mwanangu, wimbo huu bila vigelegele ni matanga.

Nne, tuandike majina, na mapato yafuate majina. Sijui albamu itauza kiasi gani. Pengine tutawauzia ndugu na majirani tu. Hata hivyo, kwenye jalada iandikwe wimbo umetoka kwa nani, kijiji gani, kazi gani. Zikipatikana shilingi, kikao kiamue mapema fungu la akina mama ni lipi, kabla hazijaonekana, maana pesa zikishaonekana kila mtu huwa mtunzi. Binti wa Solomon Linda walisubiri zaidi ya miaka 60. Mama zetu hawana muda huo.

Najua kuna atakayesema kwamba haya yote ni kazi nyingi kwa wimbo mmoja wa dakika tano. Ni kweli, ni kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kwaya ambayo imeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka 25, imesafiri juu ya lori la mchanga kwenda mashindano, na imeimba mazishi matatu kwa siku moja, haiwezi kuniambia kwamba inaogopa kazi.

Nimalizie kwa neno moja la Kizulu. Neno igama kwa lugha yao ni jina, na neno hilohilo ni wimbo. Jina na wimbo havikutenganishwa tangu mwanzo, na ninadhani wana haki. Nyimbo za jubilei hii zitabaki kwenye simu za wajukuu wetu wakati sisi hatupo. Kila wimbo wasikilize na jina lake.

Hongereni kwa miaka 25. Chakula kiko tayari, na sauti ya nne, nawaona, mmeshaanza kuinuka.